Bamia haikunitibu mgongo

Atakayeniambia tena ninywe maji ya bamia, nitamnywesha yeye. Nimeyanywa miezi mitatu, yamelala usiku kucha kwenye glasi, yanavutika kama gundi, kwa sababu kila mtu mtaani kwetu ana shangazi aliyepona "ute wa mgongo ulipoongezeka".

Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, kilomita zaidi ya 900, mwaka wa 19 huu. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye kalio la kushoto, paja, mpaka kisigino, kama nimeshika waya uliochunika. Kupanda mlima Kitonga ndiyo kilikuwa kilio chenyewe: kila nikikanyaga klachi naona nyota. Picha ya MRI, ile inayoonyesha ndani ya mgongo, ikanila laki nne na kitu. Majibu yalikuwa ya Kiingereza, shemeji akanitafsiria kwamba uti wa mgongo unaoza. Sikulala siku hiyo. Kumbe diski mbili za chini, vile vijimto vya kati ya pingili za uti, zimechakaa na kusinyaa, moja imetokeza na kubana mshipa wa fahamu.

Hapo washauri wakafunguka. Bamia. Mlenda. Supu ya kongoro kila asubuhi. Nikawa mteja mwaminifu wa kongoro, na chapati mbili, maana supu haishuki peke yake. Ute sikuuona ulikoenda, ila mzani niliuona: kutoka kilo 96 hadi 102.

Kongoro iliposhindwa, nikapelekwa kwa mzee mmoja wa kuchua. Akanilaza kifudifudi, akapanda juu yangu kwa miguu yake miwili, akishikilia kamba iliyofungwa kwenye kenchi. "Diski imetoka, nairudisha." Mgongo ukalia ko! Mzee akainua mikono kama kafunga goli. Nikamlipa, nikashukuru, nikatoka nimejikunja kama ndoano. Utingo wangu alinipakia kwenye bajaji kama gunia la mkaa.

Daktari aliponiona hakuuliza habari ya diski kwanza. Aliuliza kama nakojoa vizuri, kama kuna ganzi katikati ya mapaja, kama unyayo unainuka. Tatizo moja tu kati ya hayo, alisema, ni kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, mishipa ikibanwa sana huenda isirudi. Yangu haikuwa imefika huko. Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, binti wa rika la mwanangu.

Nikamtolea picha yangu ya laki nne. Akaitazama, akaiweka pembeni. "Baba, hata mimi ukinipiga hii unaweza kukuta diski imechakaa, na siumwi." Nilichukia. Nikamuuliza bamia. Akacheka mpaka akaomba radhi: bamia inasagwa tumboni kama chakula kingine, hakuna bomba la kuipeleka mgongoni. Na hakuna chakula kinachorudisha diski. Alichotaka ni nipunguze kitambi kinachouvuta uti mbele. Ugali nusu, mboga za majani zijae sahani, maharage, dagaa, soda za njiani basi. Sigara pia, kwa kuwa inazidi kuzikausha diski. Hiyo sina la kujisifia, nimeirudia mara mbili. Kilo ziligoma miezi ya kwanza, sasa niko 88.

Zoezi lililoniokoa ni la aibu: unalala kifudifudi, unajiinua kwa viwiko, kiuno kinabaki chini, kama kenge anayeota jua. Aliniambia maumivu yakipanda kutoka kisigino kurudi kalioni nifurahi, hata kama kalio linauma zaidi, lakini yakishuka mguuni niache. Wiki ya tatu yakapanda. Nilimpigia mama watoto saa tano usiku kumwambia kalio linauma. Hakuelewa furaha yangu.

Mambo mengine niliyagundua mwenyewe. Pochi ya mfuko wa nyuma: miaka yote nimekalia upande mmoja juu kwa sababu ya risiti! Sasa inakaa kwenye dashibodi, na nyuma ya kiuno naweka taulo lililoviringishwa. Kila baada ya saa mbili kengele ya simu inalia, nasimama, natembea, nafanya lile zoezi. Isipokuwa mbugani Mikumi, maana sitaki simba anikute kifudifudi. Pale Ruaha Mbuyuni, mara ya kwanza nilipotandika mkeka kando ya lori, mama muuza vitunguu alinimwagia maji akijua nimezimia.

Sijapona. Mwezi uliopita foleni ya Tunduma ilinishika siku tatu, mguu ukaanza kuwaka. Nikatandika mkeka, chini juu, chini juu, mpaka jioni maumivu yakarudi kalioni. Dereva mwenzangu alikuwa amesimama muda mrefu akinitazama kwa heshima. Nilipoinuka akasogea, akauliza taratibu: "Ustaadhi, kibla gani hiyo ya kuelekea Zambia?"