Feni ilipozima

Jana usiku saa nane umeme ukakata, feni ikazima, nikajikuta nimekaa kitandani jasho linanitiririka nawaza vyumba vya kwendea Mars. Siyo kazi yangu hii jamani, mchana nakata makontena Temeke tunayageuza maduka, ila usiku nachora kwenye laptopu vyumba vya kubebea wahamiaji wa anga, kimoja kinachomekwa kwenye kingine kama mabehewa, maana safari yenyewe ni kama miezi sita mpaka tisa.

Sasa kule juu hakuna uzito, hewa ya moto haipandi, pumzi unayotoa inabaki hapo hapo usoni. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa mtu analala kwenye kijichumba kama kibanda cha simu na lazima feni ipulize muda wote, la sivyo anaivuta tena kabonidayoksaidi yake mwenyewe na kuamka kichwa kinagonga. Nikawasha laptopu, chaji imebaki asilimia 30, nikaangalia mchoro wangu: vyumba 8, feni moja kubwa mwisho wa korido. Moja! Yaani nimechora nyumba yetu hii hii, wapangaji 8 Luku moja, mmoja akichelewa kuchanga wote giza.

Nikafuta. Kila chumba feni mbili ndogo na betri yake.

Halafu joto lenyewe. Kontena likiwa juani unatoboa dirisha upepo unapita, basi, lakini nje ya chombo hakuna hewa ya kupepea chochote, joto linatoka kwa mnururisho tu, yaani linasafiri lenyewe kama la jua, ndo maana kile kituo kina mapanelo makubwa yanayopitishiwa amonia ya kubeba joto. Nimeyachora, yamekuwa mapana kuliko vyumba vyenyewe. Kinachonivutia ni vyumba vya kitambaa, 2016 walikifunga kimoja pale kituoni, BEAM, kimeenda kimekunjwa kikajazwa hewa mpaka mita za ujazo 16, ambayo ni kama nusu tu ya kontena la futi 20 ila kwenye roketi kimekula nafasi ndogo.

Asubuhi nikamwonyesha dada, kashika kikombe cha chai, akaangalia weee.

"Choo kiko wapi?"

"Pale, mwisho wa korido."

"Kimoja? Watu nane, miezi tisa? Mdogo wangu, hao watauana hawajafika."

Nimerudi kufuta korido.