Nilivyojiandaa kwa mafungo ya Kitao kwenye Mlima Wudang

Wengi wanaotaka kwenda China kujifunza mazoezi ya Kitao (dini na falsafa ya kale ya Wachina) huanza kwa kuuliza mwalimu yupi ana jina kubwa. Mimi nilianza na ratiba ya siku na hali ya magoti, na mpaka leo nashauri hivyo hivyo. Wudang, mkoani Hubei, kuna vyuo vingi, na picha zao zinafanana: mawingu, majoho meupe, panga. Kabla ya kulipa amana, omba ratiba kwa maandishi, na uulize ni nani hasa anayefundisha asubuhi. Ukiona siku nzima ni ngumi, mateke na upanga, hicho ni chuo cha kung-fu. Ni kitu kizuri, lakini si mafungo, yaani siku za kujitenga kwa mazoezi na ukimya. Ratiba ya mafungo huwa na kusimama tuli (zhan zhuang), qigong ya polepole (mazoezi ya pumzi na mwili) kama baduanjin, taiji (tai chi), na kukaa kimya alfajiri au jioni. Uliza pia kama chuo kiko mjini, chini ya mlima, au ndani ya geti la hifadhi, kwa sababu hifadhi ina kiingilio na mabasi yake.

Kuhusu viza, mafungo mafupi kwa kawaida huombewa viza ya utalii, aina ya L. Viza ya X2 ni ya masomo yasiyozidi siku 180, na inataka barua ya udahili kutoka taasisi yenye kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni. Si kila chuo cha mlimani kinacho. Waulize wenyewe wanatoa barua ya aina gani, kisha uthibitishe ubalozini. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Jambo linalosahaulika zaidi ni usajili wa makazi: ukilala hotelini, hoteli inakuandikisha yenyewe, lakini ukilala chuoni au kwenye nyumba ya mtu, lazima uandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu ufike. Nenda na mwenyeji wako, na ile karatasi uihifadhi pamoja na pasipoti.

Kwa njia, Guangzhou ndiyo rahisi kwetu, maana Dar es Salaam na Nairobi zina ndege za kwenda huko moja kwa moja. Treni ya mwendokasi hadi Wuhan huchukua kama saa nne, kisha kama saa mbili nyingine hadi kituo cha Wudangshan Xi. Hapo katikati kuna mtego: Wuhan ina vituo vikubwa kadhaa, na treni za Wudang nyingi huondokea Hankou, ng'ambo ya mto Yangtze. Ukishushwa kituo kingine, unahitaji angalau saa mbili za kuvuka mji bila wasiwasi. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Malipo yamalize nyumbani. Sajili kadi yako ya benki kwenye Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia, kabla ya kuondoka, kwa sababu benki itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya nyumbani, na ukiwa China bila roaming (huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi) hutaipata. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa mara moja hukatwa ada ya asilimia 3. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko, kwa hiyo roaming inasaidia hapo pia.

Sasa mwili. Hapa ndipo watu wanapoishiwa siku ya pili tu. Anza kusimama ukiwa bado nyumbani: dakika tano kila siku, ukiongeza kidogo kidogo kila wiki hadi ishirini. Miguu iachane upana wa mabega, nyayo zitazame mbele. Legeza nyonga kama mtu anayetaka kukalia kigoda kirefu. Goti lijikunje kidogo tu, lisipite vidole vya mguu. Mikono ipande usawa wa kifua, viwiko vikiwa chini ya mabega, viganja vikitazama kifua. Ncha ya ulimi iguse juu ya kinywa, nyuma ya meno. Pumua kwa pua, na mawazo yatulie kwenye dantian, kitovu cha nguvu ya mwili kwa Watao, upana wa vidole vitatu chini ya kitovu, ndani ya tumbo.

Kosa kubwa ni magoti kuingia ndani. Nyonga zikikaza, unyayo hulalia upande wa ndani na goti linajipinda kila dakika unayosimama. Dawa yake ni kuinuka kidogo na kuelekeza goti usawa wa kidole cha pili. Mapaja kutetemeka ni kawaida; maumivu makali ndani ya kiungo si kawaida, acha papo hapo na mwambie mwalimu. Ukilazimisha pumzi ndefu utapata kizunguzungu, basi iache ijirefushe yenyewe. Na baada ya kukaa, usiinuke ghafla: sugua viganja hadi vipate moto, pitisha usoni, kiunoni na magotini, ndipo unyooshe miguu.

Adabu ni chache lakini zinaangaliwa. Salamu ni mikono kifuani, wa kushoto juu ya wa kulia. Usikanyage kizingiti cha hekalu, usipige picha sanamu, wala usimuulize mtawa umri wake. Mwite Daozhang, jina la heshima la mtawa wa Kitao. Mwislamu au Mkristo asiyetaka kuwasha ubani aseme mapema; mazoezi ya mwili hayahitaji ubani. Watawa wa Quanzhen, tawi moja la Kitao, hawali nyama, vitunguu wala vitunguu saumu, hivyo chakula cha hekaluni hakisumbui. Mjini mboga huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tafuta mgahawa wenye maandishi 清真, yaani halali.

Nenda Aprili, Mei au Septemba. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, na mlima hufurika watu. Siku ya kupanda kwenye Ukumbi wa Dhahabu, ule wa shaba iliyopakwa dhahabu uliojengwa 1416, mita 1,612 juu, panda kwa miguu kutokea Nanyan ukitaka, ila kushuka tumia gari la kamba hadi Qiongtai. Ngazi za kushuka huchosha magoti kuliko za kupanda, na kesho yake alfajiri utatakiwa kusimama tena.