Siku Moja Maishani Mwangu: Msakristia Aliyegeuka Bawabu

Mimi ni msakristia wa parokia. Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kazi ya vitu: kalisi ya divai, hostia (mikate midogo ya Komunyo), mishumaa, vitambaa vya altare, mavazi ya Misa kwa rangi ya kila kipindi. Watu walikuwa kazi ya wengine. Tangu makanisa yaliyofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 yaliporuhusiwa kufunguliwa tena kwa masharti, mambo yamepinduka, na sehemu kubwa ya Jumapili yangu sasa naimaliza mlangoni nikiwa na orodha mkononi. Hivi ndivyo siku ya leo, Jumapili ya Matawi, tarehe 28 Machi 2021, ilivyokwenda.

Saa 10:30 alfajiri

Niliamka, nikafanya ishara ya msalaba, nikaweka kipimajoto kwapani. Mwenye homa haruhusiwi kukanyaga sakristia, chumba cha kuandalia Misa, na kwa kuwa msaidizi wangu amejitenga kwa wiki ya pili baada ya ndugu anayeishi naye kuugua, Misa zote tatu za leo zilitegemea ile namba ndogo. Ilisoma 36.4. Nikaoga, nikatoka.

Saa 11:15 alfajiri

Kabla ya kuwasha taa nilifungua madirisha yote, kwa maana hewa inayotembea ndiyo kinga ya kwanza tuliyofundishwa. Ni kweli kwamba upepo huo huo huzima mishumaa ya altare katikati ya prefasio, sala inayofungua dua ya Ekaristi, lakini nimekwisha kuchagua upande wangu katika ugomvi huo.

Vyombo vya maji ya baraka vya mlangoni vimekuwa vikavu kwa mwaka mzima. Jambo linalonishangaza ni kwamba watu wazima bado wanatumbukiza vidole katika jiwe lile lisilo na kitu, wanajikuta hawana maji, kisha wanafanya ishara ya msalaba vile vile. Pembeni yake nimeweka kitakasa mikono, ambacho hakuna anayekikaribia kwa heshima kama hiyo.

Kanisa letu linaweza kuketisha watu 480 wakibanana. Kwa umbali tuliopangiwa wanaenea 110, basi benchi moja linakaliwa na lingine linafungwa kwa utepe. Leo, juu ya kila mahali palipoachwa wazi, niliweka tawi moja, ili lisipokezanwe kutoka mkono hadi mkono.

Kazi hiyo ilinichukua karibu saa nzima, nami niliifanya polepole kwa makusudi, maana mwaka jana sikuifanya kabisa. Jumapili ya Matawi ya mwaka 2020, tarehe 5 Aprili, tulikuwa watatu ndani ya kanisa: paroko, mimi na kijana aliyeshika simu ya kurushia Misa. Hati ya Baraza la Kipapa la Ibada na Nidhamu ya Sakramenti, ya tarehe 25 Machi 2020, ilikuwa imeelekeza kwamba kumbukumbu ya Bwana kuingia Yerusalemu ifanyike ndani ya kanisa, na katika makanisa ya parokia itumike namna ya tatu ya Misale (kitabu cha Misa), ile ya kuingia kawaida bila maandamano. Matokeo yake niliyaona Kwaresima ya mwaka huu. Majivu ya Jumatano ya Majivu hutokana na matawi ya mwaka uliotangulia, ambayo waamini huyarudisha parokiani yakiwa yamekauka. Mwaka huu hakuna aliyerudisha kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa. Nilichoma matawi matatu yaliyosalia sakristia, nikapata majivu ya kujaza kiganja. Kwa bahati, agizo la tarehe 12 Januari 2021 lilitaka padre atamke maneno ya ibada mara moja tu kwa wote, kisha awanyunyizie majivu kichwani bila kusema neno, basi tukayanyunyiza kwa uchache kama mtu anayeweka akiba.

Saa 12:20 asubuhi

Maandalizi ya altare yamekuwa na kanuni zake mpya, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitu, hapa sichoki kueleza. Hostia ya padre hukaa peke yake kwenye patena, kisahani chake. Hostia za waamini hukaa ndani ya siborio, chombo chenye kifuniko, pembezoni mwa korporale (kitambaa kinachotandazwa juu ya altare), ili paroko asizungumze juu yake. Kalisi nayo hufunikwa. Mikono ya kuhesabu hostia huoshwa kwa sabuni, na kitakasa chenye alkoholi huachwa kikauke kabisa kabla ya mtu kushika kiberiti. Mwaka jana mtumikiaji mmoja nusura aunguze vidole akiwasha mshumaa kwa mikono iliyokuwa bado inameremeta. Dawa yenye klorini ni ya mabenchi na vitasa vya milango, wala haikaribii vyombo vitakatifu, kwa kuwa hula madini. Kalisi, baada ya padre kuitakasa, naiosha kwa maji ya moto na sabuni, na kila Misa ina purifikatorio yake, yaani kitambaa cha kufutia kalisi.

Saa 1:00 asubuhi

Misa ya kwanza ilikwenda kwa utulivu. Wanaokuja mapema ni watu wa mazoea. Wanajua benchi lao, wanajua mlango wa kuingilia na wa kutokea, na wanatikisiana vichwa wakati wa amani kama watu waliozaliwa wakifanya hivyo.

Saa 2:40 asubuhi

Hapa ndipo siku yangu ilipokaa.

Lazima kwanza nieleze hesabu. Tuna Misa tatu za Jumapili na padre mmoja. Kanuni ya 905 ya Sheria za Kanisa inamwezesha askofu kumruhusu padre kuadhimisha hadi mara tatu Jumapili, pale penye hitaji la kichungaji. Ya nne haipo. Mara tatu ya 110 ni nafasi 330, na walioandikisha majina ofisini ni zaidi ya 500, basi tunakwenda kwa zamu. Askofu ametuondolea wajibu wa kuhudhuria Misa ya Jumapili, na tangazo hilo limesomwa mara nyingi kiasi kwamba watoto wanaweza kulikariri. Nimegundua kwamba kumwambia mtu kwamba hana dhambi akibaki nyumbani ni rahisi sana. Kumfanya atulie nyumbani ni jambo lingine.

Mzee mmoja alipanda ngazi akiwa amevaa koti lake la sikukuu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama."

"Milele amina, Mzee."

"Jina langu lipo?"

Nilijua kwamba halipo, lakini nilipitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, kwa sababu sikutaka kumjibu haraka.

"Lipo Jumapili ijayo, Mzee. Umepangiwa Pasaka yenyewe."

"Pasaka ni mbali kwa mtu wa umri wangu," alisema, bila hasira. Kisha akanieleza jambo nililokuwa nalijua, kwamba mke wake alizikwa mwaka jana mbele ya watu kumi, na kwamba Misa ya Matawi ndiyo waliyokuwa wakiipenda kuliko zote, kwa sababu waliketi nyuma na kuwacheka watoto waliopigana kwa matawi.

Orodha ilionyesha kwamba nafasi nne zilikuwa bado hazijachukuliwa, nazo zilikuwa za familia moja iliyozoea kuchelewa. Utaratibu unasema tusubiri hadi Misa ianze ndipo tugawe zilizobaki. Nilimwomba asubiri. Alitazama kiti pekee kilichokuwa nje, kilichokuwa juani, akasema hawezi kusimama muda mrefu wala kukaa hapo. Niliingia ndani, nikachukua tawi moja la akiba, nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili na kushuka ngazi. Familia ile ilifika dakika sita baadaye, wakiwa watatu. Nafasi ya nne ilibaki tupu Misa nzima, na tawi lake juu yake.

Mtunga Zaburi alitamani kuwa bawabu katika nyumba ya Mungu. Nadhani hakupewa orodha.

Saa 3:00 asubuhi

Misa ya pili niliisikia kupitia kipaza sauti cha nje, kama ninavyozisikia Misa zote siku hizi. Mwaka huu ni mwaka B katika mzunguko wa miaka mitatu ya masomo ya Misa, hivyo Mateso yalisomwa kutoka Injili ya Marko. Kwa desturi sehemu ya umati husomwa na waamini wote, na kila mwaka mwili wangu husisimka ninapojisikia nikipaza sauti pamoja na wengine kutaka Bwana auawe. Leo waamini walikatazwa kupaza sauti, na sehemu hiyo akapewa msichana mmoja, aliyesimama peke yake kwenye kipaza sauti cha pembeni, mbali na msimulizi. Alipofika mahali pa kusema "Msulibishe!" sauti yake ilitetemeka, akasita, kisha akalitamka neno lile karibu kwa kunong'ona. Mtu anaweza kujificha ndani ya umati. Yule binti hakuwa na pa kujificha, nami nikiwa mlangoni na kalamu yangu nilimwelewa vizuri.

Katika mahubiri paroko alikumbusha kwamba jana ulitimia mwaka mmoja tangu tarehe 27 Machi 2020, jioni ile Baba Mtakatifu Fransisko aliposimama katika Uwanja wa Mtakatifu Petro ukiwa mtupu, mvua ikinyesha, mbele ya msalaba wa kanisa la San Marcello ambao watu wa Roma waliutembeza mitaani wakati wa tauni ya mwaka 1522. Wengi wetu tuliitazama ibada ile kwenye simu. Nakumbuka kwamba nilikuwa nikihesabu nguzo za uwanja, kwa kuwa sikujua nihesabu nini kingine.

Wakati wa Komunyo niliingia ndani kusimamia foleni. Komunyo hutolewa mkononi tu, na baadhi ya waamini wetu bado wanaumia kwa hilo. Siwalaumu, ila sikubaliani na wanaosema kwamba heshima imepotea. Katika katekesi zinazohusishwa na Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, wa karne ya 4, waamini walifundishwa kuufanya mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi cha mkono wa kuume unaompokea Mfalme. Leo mama mmoja wa makamo alinyoosha viganja vilivyopasuka kwa sabuni na dawa, akakaa navyo hivyo muda mrefu kabla ya kula, na barakoa yake ikiwa imeshushwa upande mmoja tu.

Saa 4:25 asubuhi

Kusafisha. Dakika ishirini na tano, ndoo nne, watu saba. Wengi wao ni wanakwaya, kwa sababu kwaya yetu ya watu arobaini sasa ni mwimbaji mmoja na mpiga kinanda, na waliobaki wamesema afadhali washike vitambaa kuliko kukaa bure. Ugomvi wa muda mrefu kati ya sauti ya pili na ya tatu umekwisha bila usuluhishi.

Saa 5:00 asubuhi

Misa ya tatu ndiyo inayorushwa mtandaoni. Hati za mwaka jana zilisisitiza kwamba urushaji uwe wa moja kwa moja, usiwe wa kurekodiwa, nasi tumeshika hilo hata baada ya kufungua milango. Paroko alikuwa amechoka. Nilimsikia akipumzika kati ya sentensi za dua ya Ekaristi.

Saa 8:10 mchana

Simu iliita ofisini: mgonjwa nyumbani, amethibitika kuwa na UVIKO-19, anaomba mpako wa wagonjwa. Paroko huenda peke yake, mimi naandaa mkoba. Ndani yake huwa na mafuta kidogo katika kichupa, stola (utepe wa shingoni wa padre) inayofulika, glavu, barakoa mbili, na vijiti vya pamba, maana kanuni ya 1000 inamruhusu padre kupaka kwa kutumia kifaa panapokuwa na sababu nzito. Vijiti hivyo huchomwa baada ya ibada. Maungamo hayafanyiki kwa simu, hata nyakati hizi, hivyo atakaa umbali wake chumbani humo humo, mlango ukiwa umefungwa na dirisha wazi.

Aprili mwaka jana muumini wetu mmoja alifia hospitalini ambako padre hakuruhusiwa kuingia. Paroko aliisomea familia yake, kwa simu, hati ya Idara ya Toba ya Kitume ya Vatikani, ya Machi 2020, inayosema kwamba Kanisa linampa rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu zote za dhambi, mtu aliye katika hatari ya kufa asiyeweza kupata mpako, mradi katika maisha yake alikuwa na mazoea ya kusali. Mtoto wake wa kiume alimwomba aisome tena. Akaisoma mara tatu.

Saa 11:00 jioni

Niliketi na daftari la Juma Kuu. Alhamisi Kuu: hakuna kuosha miguu, hakuna maandamano ya Ekaristi, hivyo beseni na mwavuli vinabaki kabatini. Ijumaa Kuu: padre peke yake ataubusu msalaba, wengine watainama wakiwa mahali pao. Niliandika hesabu ya mishumaa midogo ya Mkesha wa Pasaka, 110, nikaifuta, nikaandika 120, kwa sababu kuna watakaosimama nje.

Saa 2:00 usiku

Watu wawili waliopangiwa Alhamisi Kuu walituma ujumbe kwamba hawatakuja. Nilikata jina moja, nikaandika la yule mzee kwa mkono wangu, kisha nikampigia. Alipokea mara moja. Nilimwambia saa ya Misa na mlango wa kuingilia, nikamwambia pia kwamba nafasi yake ya Pasaka haijaguswa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama aje na lile tawi alilopewa asubuhi, labda linahitajika.

"Libaki nyumbani, Mzee," nilimjibu. "Utaniletea mwakani, kabla ya Jumatano ya Majivu. Nitahitaji mengi."