Bastola: mikono miwili, na mkono mmoja unapolazimika

Msimu wa korosho ukikaribia, walinzi wa maghala na wenye leseni zao hapa Mtwara hurudi kwenye swali lile lile: bastola ishikwe kwa mkono mmoja au kwa miwili? Kwa miwili, kila inapowezekana. Lakini mlinzi wa zamu ya usiku ana tochi mkononi, au ameshika komeo la geti, au anamsukuma mtu nyuma yake. Kwa hiyo mkono mmoja lazima ujulikane, tena ujulikane kama mshiko unaojitegemea, wenye miguu yake, kifundo chake na makosa yake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Wengi walimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, akichukua medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Wapo waliodhani ndiyo namna bora ya kupiga bastola yoyote. Mchezo ule una kanuni zake, na mkono mmoja ni kanuni. Bastola yenyewe ni ya hewa, haizidi gramu 1500, kifyatulio chake kinaruhusiwa kuwa chepesi hadi gramu 500, na teke lake halisikiki. Duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 11.5 kwa umbali wa mita 10. Pale kinachotafutwa ni utulivu. Bastola ya milimita 9 ina teke, na teke ndilo linaloamua mshiko.

Mtutu uko juu ya kiganja. Risasi ikitoka mbele, bastola inasukumwa nyuma, na kwa kuwa nguvu hiyo inapita juu ya mkono, mdomo unanyanyuka. Mkono wa kulia ukiwa peke yake, upande wa kushoto wa mpini unabaki na sehemu isiyoshikwa na kitu. Bastola hukimbilia kwenye uwazi huo: juu na kushoto. Mkono wa pili kazi yake ni kuziba uwazi ule. Kubeba uzito ni faida ya ziada tu.

Anza na mkono wa kulia (mwenye kutumia kushoto ageuze yote haya). Panda ya gumba na kidole cha shahada ipande juu kabisa kwenye mgongo wa mpini, lakini ngozi isivuke ikaingia njia ya slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka), maana slaidi ikirudi inakata. Vidole vitatu vya chini vizunguke mpini, cha kati kikigusa pete ya kifyatulio kwa chini. Kidole cha shahada kinyooke ubavuni mwa fremu (mwili wa bastola chini ya slaidi), nje ya pete, mpaka uwe umeshaamua kufyatua. Sasa tazama ubavu wa kushoto wa mpini: kuna kipande kitupu. Hapo ndipo kitako cha kiganja cha kushoto kinapokaa. Kifundo cha kushoto kiiname mbele kama nyuzi 45, vidole vinne vilale juu ya vile vitatu vya kulia, na magumba yote mawili yaelekee mbele, la kulia juu ya la kushoto. Mkono wa kushoto ndio ubane zaidi. Wa kulia ukibana kupita kiasi, kidole cha shahada kinakuwa kizito na kifyatulio hakivutwi sawasawa.

Magumba yana hatari mbili. Gumba la kushoto likipita nyuma ya slaidi na kukaa juu ya mkono wa kulia, slaidi italichana kwa risasi ya kwanza. Kwa rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, usiyaelekeze magumba mbele hata kidogo: kati ya silinda na mtutu kuna upenyo unaotoa gesi ya moto, na gumba likiwa hapo litaungua au kukatwa. Rivolva inataka magumba yaliyokunjwa chini, moja juu ya jingine, nyuma ya silinda.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni la kisahani. Kiganja cha kushoto kinawekwa chini ya magazini (kasha la risasi ndani ya mpini), kama mtu anayepokea kikombe cha chai na kisahani chake. Uzito kinabeba, teke hakizuii, kwa sababu bastola inapanda juu na mkono uko chini. Baada ya risasi mbili mikono imeachana, na mpigaji anaanza kuitafuta shabaha upya. Ukiona magazini imekaa juu ya kiganja, vunja mshiko uanze tena.

Mwili hauna maneno mengi: miguu ipanuke upana wa mabega, wa kulia urudi nyuma kidogo, magoti yalegee, kifua kiegemee mbele. Viwiko visikazwe hadi mwisho. Bastola ipande kwenye jicho, kichwa kisiinamishwe kuifuata.

Mkono mmoja unabadilisha karibu kila kitu. Mpigaji wa mashindano hukaa ubavu kuelekea shabaha, mkono umenyooka, ili mifupa ibebe uzito na misuli ipumzike. Kabla ya kupiga hufumba macho, hunyanyua bastola, kisha hufumbua: ikiwa imelala kushoto au kulia ya shabaha, husogeza miguu, hausogezi mkono. Hilo mlinzi naye aliige kwenye mazoezi, ni kipimo kizuri.

Kwa kazi ya ulinzi mguu wa upande wa bastola ndio unaotangulia, hatua nusu, na uzito unakwenda kwenye kanyagio la mbele la mguu huo. Mkono usio na kazi ukunjwe ngumi na kubanwa kifuani. Ukiuacha unaning'inia, bega linazunguka, na mkono wenyewe unaweza kujikuta mbele ya mdomo wa bastola. Mshiko ukazwe kuliko ule wa mikono miwili, gumba ligandamize chini. Halafu ilaze bastola ndani kidogo. Fikiria akrabu ya saa imetoka 12 na kufika nusu ya njia kwenda 11. Kwa mkono wa kulia, pembe hiyo huufanya mkono ukae mlalo wake wa asili na kifundo kinakuwa imara. Ukizidisha, risasi zitaanza kushuka upande ulikoilaza.

Kifundo kikilegea, silaha nayo inagoma. Bastola inayojijaza yenyewe inahitaji fremu ibaki imara ili slaidi irudi safari yake yote. Kifundo kikienda na teke, slaidi inaishia njiani, ganda la risasi linabanwa limesimama wima kwenye mlango wa kutolea maganda, na mtu anailaumu bastola au risasi. Mkono mmoja unaleta tatizo hili mara nyingi kuliko miwili, na kidole kikianguka kwenye kifyatulio kwa pupa ndiyo kabisa. Mazoezi ya kuondoa kizuizi kwa mkono mmoja yafanywe na risasi bandia, mkufunzi akiwa ubavuni.

Hesabu ndogo ya vilengeo, zile alama mbili za kulengea juu ya bastola, itaeleza kwa nini tunasumbua watu kuhusu kidole. Kama kilengeo cha mbele na cha nyuma vimeachana sentimita 16, kosa la milimita moja pale mbele linakuwa zaidi ya sentimita 6 kwenye mita 10, na kama sentimita 3 kwenye mita 5. Milimita moja inapatikana kwa kuvuta kifyatulio pamoja na vidole vyote. Kwa mwenye mkono wa kulia risasi huangukia chini kushoto. Vuta kwa nyama ya pingili ya kwanza ya kidole, moja kwa moja nyuma, jicho likiwa kwenye kilengeo cha mbele.

Dawa yake ni mazoezi makavu, yaani kufyatua bila risasi. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba (tundu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) kwa macho na uipapase kwa kidole, risasi zote ziwe chumba kingine, na uelekeze ukuta usioweza kupitisha risasi. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, kisha fyatua. Sarafu isianguke. Kwa mikono miwili wengi huweza siku ya kwanza. Kwa mmoja itaanguka sana, na hapo ndipo unapojua kazi iko wapi. Bastola za .22, zile za risasi ndogo, zisifyatuliwe kavu bila risasi bandia, sindano ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba.

Risasi za kweli zipigwe uwanja wenye kibali na kingo ya udongo laini. Huku pwani ardhi ina mawe ya matumbawe karibu na uso, na risasi ikigonga jiwe hurudi ovyo. Shamba la mikorosho halizuii chochote: hata .22 ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Masikio yafunikwe, mlio unazidi desibeli 140. Viganja vifutwe jasho kila baada ya magazini moja, na aliyechubuliwa na mafuta ya ganda la korosho asubiri apone; ngozi ikiuma hakuna atakayebana mpini. Jasho hilo na hewa ya chumvi huleta kutu, kwa hiyo bastola ifutwe na kupakwa mafuta siku hiyo hiyo.

Mkono dhaifu usisahaulike. Mpiga shabaha Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa vibaya mkono wake wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza kwa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 London 1948 na Helsinki 1952. Katika risasi 50 za siku moja tunagawa hivi: 30 mikono miwili kwa mita 7 kwenye karatasi ya A4, 12 mkono wa kulia kwa mita 5, 8 mkono wa kushoto kwa mita 3. Hizo 8 za kushoto zipigwe mwanzo, kabla mkono haujachoka.