Bima ya afya ya Marekani haivuki mpaka wa jimbo

Koo nyingi za Kasulu, Kibondo na Ujiji zina ndugu waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani, na wengi wa ndugu hao hawakai pale walipotua. Shirika linawapokea Kentucky, mwaka wa pili binamu anawaita Texas, kisha wanasikia kuna kazi ya kiwanda cha nyama Iowa na safari inaanza upya. Barua za bima zinawafuata nyuma. Picha zake huishia kwenye WhatsApp huku Kigoma, kwa yule mmoja wa ukoo aliyebobea Kiingereza, zikiwa na swali lilelile: "Hii wanasemaje?" Maelezo haya ni ya huyo msomaji wa barua, na ya mwenye barua pia.

Anayetazama mambo haya akiwa Kigoma huponzwa na mazoea. Kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya Tanzania, inafanya kazi hospitali ya Maweni huku Kigoma kama inavyofanya kazi Kitete kule Tabora, basi mtu hudhani na kule ni hivyo. Sivyo. Marekani, bima ya mtu binafsi ni ya jimbo. Wazee wa Igunga ndio watakaoelewa haraka, maana CHF, mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza kujaribiwa kwao mwaka 1996, kadi ilikuhudumia kwenye kituo ulichojiandikisha, na ukienda mbali nacho ulilipa fedha taslimu kama mtu mwingine yeyote. Bima ya Kentucky ukiwa Texas iko hivyohivyo, tofauti ni ukubwa wa bili.

Kwa hiyo neno "kuhamisha bima" lisahaulike. Hakuna kinachohamishwa. Kuna bima inayofungwa jimbo moja na nyingine inayofunguliwa jimbo jingine, na ustadi wote uko katika kuzipanga ili pasibaki pengo katikati wala zisilipwe mbili kwa pamoja.

Kabla ya lolote, jua kadi aliyonayo ni ya aina gani. Ya kazini ina utaratibu wake kwa mwajiri. Zinazosumbua watu wanapohama ni mbili: ile inayonunuliwa kwenye soko la bima la serikali, mara nyingi kwa ruzuku, na Medicaid, ambayo ni ya wenye kipato kidogo. Medicaid inachanganya kwa sababu majimbo mengi yameipa majina mengine: Tennessee ni TennCare, California ni Medi-Cal, Arizona ni AHCCCS, Washington ni Apple Health. Mtu anaweza kuapa kwamba hana Medicaid huku anayo mfukoni.

Tuanze na ya kununua. Texas, Ohio, Iowa, Arizona, Michigan na majimbo mengine mengi hutumia tovuti moja ya serikali kuu, HealthCare.gov. Mengine yana soko lake: Kentucky ina kynect, Pennsylvania ina Pennie, California ina Covered California. Anayehama kutoka jimbo la HealthCare.gov kwenda jingine la HealthCare.gov hujiona ana bahati, anaingia kwenye akaunti yake na kubadilisha anwani tu. Hapo ndipo anapokosea. Akaunti inaweza kuwa ileile, lakini ombi lazima liwe jipya, limechaguliwa jimbo jipya tangu ukurasa wa kwanza, na mpango wa zamani usitishwe kwa hatua ya peke yake. Asipousitisha unaendelea, na kama benki iliruhusiwa kukata yenyewe, ada itaendelea kukatwa kila mwezi.

Jina la kampuni lisimdanganye mtu. Blue Cross Blue Shield unayoiona kila jimbo ni kampuni nyingi tofauti zinazotumia jina moja. Ambetter ipo majimbo mengi, lakini mpango wake wa jimbo moja si mpango wa jimbo la pili. Nembo ni ileile, orodha ya madaktari ni nyingine.

Nje ya msimu wa kujiandikisha, ambao kwenye HealthCare.gov huanza tarehe 1 Novemba, huwezi kununua bima hii mpaka uwe na sababu inayokubalika. Kuhama ni sababu mojawapo. Inakupa siku 60 tangu siku uliyohama. Lakini ina sharti ambalo watu wengi hawalijui mpaka wanapokataliwa: lazima uwe ulikuwa na bima inayotambulika angalau siku moja ndani ya siku 60 kabla ya kuhama. Ukifuta bima Machi ili kubana matumizi, ukahama Juni, kuhama kwako hakukufungulii mlango; unasubiri Novemba. Medicaid inahesabiwa kama bima. Mipango ya muda mfupi inayouzwa kwa simu kwa bei ya kutamanisha haihesabiwi, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuikwepa. Anayefika moja kwa moja kutoka nje ya nchi, tuseme kutoka Tanzania, hadaiwi sharti hili.

Kwenda jimbo jingine kutibiwa au kutembelea ndugu si kuhama. Lazima iwe ni makazi. Unaweza kuombwa ushahidi: mkataba wa pango, bili ya umeme au maji, leseni mpya ya udereva, barua ya posta inayothibitisha kubadilisha anwani. Kwa bima ya zamani, barua ya kampuni inayoonyesha tarehe ilipoanza na ilipoisha. Mwanafamilia anayelala sebuleni kwa shemeji bila mkataba ndiye hupata taabu hapa, kwa hiyo abadilishe anwani posta siku ya kwanza kabisa, asingoje apate nyumba yake.

Sasa tarehe. Bima mpya huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata ule uliochagua mpango. Tuseme familia imehama tarehe 10 Juni. Ikichagua mpango tarehe 25 Juni, bima inaanza 1 Julai. Ikichelewa hadi tarehe 2 Julai, inaanza 1 Agosti, yaani siku saba za uvivu zimeleta mwezi mzima bila kinga. Siku zake 60 zinaisha tarehe 9 Agosti. Na kuchagua hakutoshi: bila malipo ya kwanza kwa kampuni yenyewe, si kwa tovuti, bima haianzi. Barua ya kudai malipo hayo ya kwanza ndiyo hupotea zaidi, kwa sababu hutumwa wakati watu bado wako kwenye maboksi. Namba ya simu ya kampuni ichukuliwe siku hiyohiyo, ikapigiwe.

Ya zamani ifutwe lini? Isifutwe kabla ya mpya kuwa na tarehe ya kuanza na risiti ya malipo. Katika mfano wetu, iishe 30 Juni. Usiache ife yenyewe kwa kutolipa. Mwenye ruzuku aliyelipa angalau mwezi mmoja hupewa miezi mitatu ya kusubiriwa, lakini kampuni inawajibika kwa matibabu ya mwezi wa kwanza tu. Ya mwezi wa pili na wa tatu bili zinamrudia mgonjwa. Isitoshe, bima iliyokatwa kwa sababu ya deni haikupi nafasi ya pekee ya kununua nyingine kama aliyepoteza bima bila kosa.

Kwenye zile wiki ambazo kadi ni ya jimbo la zamani na miguu iko jimbo jipya, dharura ya kweli inalindwa: mpango wa soko la bima hulazimika kulipia matibabu ya dharura hata hospitali ikiwa nje ya orodha yake. Sindano ya kawaida, kliniki ya wajawazito, kurudi kufungua nyuzi baada ya dharura, hayo hayamo. Wenye shinikizo la damu na kisukari waombe dawa za kutosha kabla ya kuondoka na wabebe nakala za faili zao na kadi za chanjo za watoto, maana shule itaziulizia hata kama hospitali haikuziulizia.

Kuna hasara moja ambayo haikwepeki ila kwa kuchagua mwezi wa kuhama. Mipango mingi ina kiasi unachotoa mfukoni kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa sehemu yake kubwa. Ukihama Septemba ukiwa umeshakimaliza, mpango mpya unakuanzisha sifuri, na 1 Januari unaanza sifuri tena. Mwenye upasuaji uliopangwa, kama kazi inamruhusu, afanyiwe kwanza ndipo ahame.

Medicaid ni habari nyingine, na ndiyo inayobadilisha maisha ya mtu zaidi. Haina msimu; unaomba mwezi wowote. Jimbo haliruhusiwi kukwambia ukae kwanza miezi kadhaa ndipo uombe. Ukishahamia kwa nia ya kuishi, wewe ni mkazi. Majibu kwa kawaida yanatakiwa yatoke ndani ya siku 45, au 90 kama ombi limejengwa juu ya ulemavu. Huwezi kuwa nayo majimbo mawili, kwa hiyo pigia ofisi ya zamani wafunge, na uombe barua yenye tarehe ya kufungwa. Barua hiyo ndiyo ushahidi wa siku ile moja niliyoitaja juu.

Ila usidhani kwamba aliyestahili Kentucky anastahili Texas. Majimbo 40 pamoja na mji mkuu Washington yamepanua Medicaid hadi kwa watu wazima wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kipimo cha umaskini cha serikali kuu. Kumi hayakupanua: Alabama, Florida, Georgia, Kansas, Mississippi, South Carolina, Tennessee, Texas, Wisconsin na Wyoming. Texas, mtu mzima mwenye afya asiye na mtoto hapati kabisa, na mzazi hupata kwa kipato kidogo mno. Watoto na wajawazito wana viwango vyao vya juu zaidi, waombewe kila mahali hata baba akikataliwa.

Hapo ndipo lilipo shimo. Ruzuku ya soko la bima inaanzia kwenye asilimia 100 ya kipimo cha umaskini. Kwa bima ya 2026 kipimo kinachotumika ni cha 2025, dola 15,650 kwa mtu mmoja na dola 32,150 kwa kaya ya watu wanne. Kijana wa peke yake anayetarajia dola 14,000 kwa mwaka, akiwa Kentucky anatibiwa kwa Medicaid. Akihamia Texas na kipato kilekile hapati Medicaid wala ruzuku. Akiwa na dola 16,500 za halali, ruzuku ipo. Kwa hiyo mtu anayefikiria kuhama kutoka jimbo lililopanua kwenda lisilopanua apige hesabu ya mshahara wa jimbo jipya kabla ya kukodi gari la mizigo, na aandike makadirio ya kweli ya mwaka mzima, si ya mwezi aliokuwa bila kazi. Binamu anayesema "huku pango ni rahisi" huenda anasema kweli, ila hajasema yote.

Na asitegemee kwamba bima ya kiwandani itamwokoa siku ya kwanza. Sheria inamruhusu mwajiri kumsubirisha mfanyakazi hadi siku 90.

Mwaka ukiisha, kila soko la bima alilopitia humtumia fomu 1095-A, inayoonyesha bima na ruzuku yake. Aliyehama katikati ya mwaka atakuwa na mbili, na zote zinaingia kwenye fomu 8962 ya kodi. Kama ruzuku ililipwa mara mbili kwa mwezi uleule kwa sababu ya zamani haikufungwa, itarudishwa. Zamani kulikuwa na kikomo cha kiasi cha kurudisha kwa wenye kipato kidogo. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 kikomo hicho kimeondolewa. Hakikisheni anwani mpya inafika kwenye soko la zamani pia, la sivyo fomu itakwenda kwenye nyumba aliyohama.

Kwa wasio raia kuna anwani ya tatu ya kubadilisha: fomu AR-11 ya uhamiaji, ndani ya siku 10 za kuhama, na inajazwa mtandaoni. Kwa sasa fomu hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 inawatoa wakimbizi wasio na grini kadi kwenye Medicaid ya serikali kuu kuanzia 1 Oktoba 2026, na kwenye ruzuku ya soko la bima kuanzia 1 Januari 2027. Mkimbizi anaweza kuomba grini kadi akishatimiza mwaka mmoja nchini. Aliyetimiza na bado hajaomba, ombi hilo sasa ni suala la hospitali pia, na barua ya wito ikipotelea kwenye anwani ya Kentucky linasimama.

Simu ya HealthCare.gov ni 1-800-318-2596, inapokelewa usiku na mchana isipokuwa siku za sikukuu, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili unapewa bila malipo. Ndugu aliyeko Kigoma hawatamsikiliza mpaka mwenye bima awe kwenye laini na aseme kwa mdomo wake kwamba ameruhusu. Kampuni za bima zenyewe hufuata saa za ofisi: saa mbili asubuhi ya Texas ni saa kumi na moja jioni ya Kigoma, au saa kumi wanapokuwa kwenye saa zao za kiangazi. Pigeni muda huo, kabla foleni haijajaa, mkiwa na namba ya kadi ya zamani, tarehe ya kuhama na anwani mpya mezani.