Siku 19 za kungoja

Wiki ya 9 ya mradi mmoja wa kompyuta niliokuwa nausimamia niligundua kwamba tumechelewa wiki 3, na hakuna aliyekuwa amezembea. Hilo ndilo lililoniumiza. Timu yangu ilikuwa inawahi kufika na inachelewa kutoka, watu hawana mchezo na kazi, lakini tarehe zilikuwa zinatuponyoka moja baada ya nyingine.

Tulikuwa tunahamisha kumbukumbu za taasisi moja kutoka mfumo wa zamani wa kompyuta kwenda mfumo mpya. Tulipewa wiki 24. Nilikuwa na mafundi 5, na pembeni yao idara 3 za mteja ambazo kila moja ilikuwa na kipande chake cha kutuletea. Ratiba niliichora kwa chati ya Gantt, ile yenye mistari mlalo inayoonyesha kazi gani inaanza lini na kuisha lini. Kila Jumatatu nilimuuliza kila mmoja amefika wapi, nikajaza asilimia, nikapeleka ripoti kwa mkuu wangu.

Kilichonishtua ni asilimia 90. Kazi ya kusafisha data ilisomeka asilimia 90 wiki 3 mfululizo. Mara ya tatu nikaenda kukaa karibu na kijana aliyekuwa nayo.

“Dada, mimi upande wangu nilimaliza kitambo,” akaniambia. “Nangoja sampuli kutoka kwa watu wa kumbukumbu.”

“Uliwaomba lini?”

“Niliwatumia barua pepe wiki ile ya kwanza.”

Nikateremka kwa watu wa kumbukumbu. Barua waliiona. Ilikuwa imeandikwa kwa idara nzima, haikumtaja mtu, kwa hiyo kila mmoja aliamini mwenzake ameshughulikia. Sampuli zenyewe zilipatikana kwa nusu saa.

Jioni ile nilibaki ofisini. Chati nikaiweka kando, nikachukua karatasi tupu na kuandika tarehe mbili kwa kila kazi: siku mtu alipoimaliza, na siku anayemfuata alipoanza kuishughulikia. Sikuzigusa kazi zote. Nilifuata mnyororo mmoja tu, ule wa kazi zinazotegemeana ambao ni mrefu kuliko minyororo mingine yote, kwa sababu kazi moja ya humo ikichelewa siku 1, mradi mzima umechelewa siku 1. Kazi zilizo nje yake zina nafasi ya kuteleza kidogo bila kumdhuru mtu. Mbinu hii ya kuutafuta mnyororo mrefu ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, pale kampuni za DuPont na Remington Rand zilipokuwa zinatafuta namna ya kupanga ujenzi na ukarabati wa viwanda. Nilikuwa nimeisoma, nikaitumia siku ya kwanza kupanga ratiba, kisha nikaiacha. Kosa langu lilikuwa hapo. Mnyororo ule unatakiwa kukaguliwa kila wiki, maana nao huhama.

Hesabu ikaja hivi. Katika siku 45 za kazi zilizokwisha kupita, siku 19 hakuna mtu aliyekuwa anafanya chochote kwenye mnyororo ule. Siku 8 tulikuwa tunangoja sahihi ya kuidhinisha muundo wa fomu. Siku 6 tulingoja ruhusa ya kuingia kwenye seva. Siku 5 zilikuwa za zile sampuli, tukihesabu tangu kazi ile ilipoingia kwenye mnyororo. Kazi zenyewe zilikuwa zimechukua karibu muda ule ule tuliokadiria. Mimi nilikuwa nawahimiza watu waongeze kasi, kumbe muda ulikuwa unapotelea mahali ambapo kazi inatoka kwa huyu na haijafika kwa yule, na mahali hapo kwenye chati yangu hapakuwa na mstari.

Kuanzia kesho yake niliacha kabisa kuuliza asilimia. Nikawa na maswali mawili: kimebaki nini, na unamngoja nani? Kila kazi ikapata jina la anayeifanya na jina la atakayeipokea, jina la mtu, si la idara. Mpokeaji ndiye aliyekuwa anasema kazi imekwisha. Mfanyaji hakuwa na mamlaka hayo tena. Mwanzoni mafundi wawili hawakulipenda hilo, waliona siwaamini. Niliwaeleza kwamba nataka kujua siku ambayo mwenzao anaweza kuanza, basi. Kazi yoyote iliyozidi siku 3 tuliikata vipande, maana kazi ya wiki mbili inaweza kuficha tatizo siku 9 ndipo uambiwe.

Sahihi zilinipa shida kuliko yote. Mkuu wa upande wa mteja alikuwa mtu wa safari nyingi, na mimi nilikuwa nimejizoeza kumpelekea nyaraka zikiwa tayari, kisha nangoja. Nikaomba kuonana naye, nikamwonyesha zile siku 8. “Mheshimiwa, nyaraka hizi zilikaa mezani kwako, na najua hukujua kwamba kuna watu 5 wamesimama kwa sababu hiyo.” Alinyamaza kidogo, kisha akateua msaidizi wa kusaini asipokuwepo. Tukakubaliana pia kwamba nitamtaarifu siku 5 kabla ya kila uamuzi, kwa ukurasa mmoja unaosema: tunachoomba uamue, tunachopendekeza, na siku ambayo kazi itasimama ukikawia. Sahihi iliyofuata ilichukua siku 1. Nasisitiza hili kwa wasimamizi wenzangu kwa sababu wengi tunaogopa kumwambia mkubwa kwamba yeye ndiye anayetuchelewesha. Kwa heshima na kwa tarehe mkononi, inawezekana.

Mkuu wangu naye alikuja na wazo lake: tuongeze mafundi 4. Nilikataa. Fred Brooks, Mmarekani aliyewahi kusimamia miradi mikubwa ya programu za kompyuta, alionya tangu 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na hesabu yake si ngumu. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wao kwa wao. Watu 9 wana njia 36. Wale wapya wangefundishwa na nani, kama si wale wale niliokuwa nawahitaji? Nilichoomba badala yake ni fundi wangu mzoefu aondolewe kwenye kazi za ofisi nyingine alizokuwa anaitwaitwa. Nikapewa. Ripoti 3 ambazo mteja hakuzihitaji siku ya kwanza tukazisogeza awamu ya pili, kwa maandishi na kwa ridhaa yake.

Makadirio ya kazi zilizobaki niliyafanya upya kwa mtindo wa namba tatu, uliozaliwa kwenye miradi ya jeshi la majini la Marekani mwaka 1958. Kazi ya kuhakiki kumbukumbu, kwa mfano: mambo yakienda vizuri siku 10, kwa kawaida siku 15, yakiharibika siku 32. Unazidisha ile ya kati kwa 4, unajumlisha zote, unagawa kwa 6, unapata 17. Namba ya tatu ndiyo yenye faida, kwa kuwa ili mtu akutajie 32 lazima kwanza akwambie ni nini anachokiogopa.

Halafu nikawaomba watoe siku za akiba walizokuwa wamezificha ndani ya kila kazi. Tukazikusanya mwishoni mwa mnyororo, siku 10 za wote, zikaandikwa ubaoni ambapo kila mtu anaziona. Akiba iliyomo ndani ya kazi huliwa tu, hata pasipo dharura. Ile ya ubaoni watu waliilinda. Mteja alipotaka badiliko katikati ya safari, sikumkatalia. Nilimwambia litachukua siku 6 na nikamwonyesha zimebaki ngapi. Maombi mawili ya namna hiyo aliyaondoa mwenyewe.

Wiki ya 24 tulikuwa tumetumia siku 8 kati ya zile 10. Ijumaa ya makabidhiano nilishuka kuwapa taarifa watu wa kumbukumbu kwamba data iko tayari, nikamkuta yule dada aliyetajwa kama mpokeaji ameshakaa mbele ya kompyuta, ameingia kwenye mfumo, na orodha ya kukagua iko pembeni ya mkono wake.

“Nilikuwa nakungoja,” akasema. Na saa ile ile akaanza.