Kwanza Jani, Tena Suke

Wapendwa katika Bwana, andiko letu juma hili ni Marko 4:26–29, mfano wa mbegu inayokua yenyewe. Ni Marko peke yake aliyeuandika. Mtu anamwaga mbegu juu ya nchi, analala na kuamka usiku na mchana, nayo mbegu inamea na kukua asivyojua yeye. Kisha Bwana anataja utaratibu: "Maana nchi huzaa yenyewe, kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke."

Tukipita haraka tunaondoka na neno "kukua" tu. Bwana, hata hivyo, alizitaja hatua kwa majina na kwa zamu zake, na aliyelima ngano anajua kwamba zamu hizo hazigeuzwi.

Punje ikiingia udongoni, kazi yake ya kwanza ni kunywa maji, mpaka yafike kama asilimia 35 hadi 45 ya uzito wake mkavu. Chini ya hapo haiamki. Huzikwa kina cha sentimita 3 hadi 5, kwa sababu siku hizo za mwanzo haina jani la kupokea mwanga na inaishi kwa akiba ya wanga iliyo ndani yake. Ukiizika sentimita 12, akiba huisha njiani; mche huchomoza ukiwa dhaifu, au hauchomozi kabisa. Watu huilaumu mbegu, kumbe mbegu ilikuwa nzima, ila ilitumwa safari ndefu kuliko posho yake.

Jani likishatokeza, mpita njia haoni chochote ila nyasi. Hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Ncha ya ukuaji ingali chini, karibu na udongo, na ndani yake suke limeanza kuumbwa, dogo kiasi kwamba utahitaji kioo cha kukuzia ili ulione. Idadi ya vishada vitakavyobeba punje inapangwa wakati huo, majuma kadhaa kabla suke halijachomoza. Mche ukikosa maji au naitrojeni katika kipindi hicho, vishada vinapungua, na mvua ya baadaye, hata ikinyesha vizuri namna gani, haivirudishi. Itajaza tu punje zilizokwisha kupangwa. Naitrojeni ikizidi nayo huleta hasara: mabua hurefuka, shina linashindwa kujibeba, na shamba zima linalala chini.

Punje yenyewe hujaa majimaji meupe kama maziwa, ikageuka donge laini, ikakauka na kuwa ngumu. Ukipeleka mundu wakati wa maziwa utavuna punje zilizosinyaa. Ukiweka ghalani ngano ambayo unyevu wake haujashuka hadi asilimia 13 au 14, ukungu utaila. Kwa hiyo mstari wa 29 una uzito kwa mkulima: mundu hupelekwa matunda yakiiva, mapema hapana.

Shikeni jambo moja hapa. Jani si ngano iliyoshindwa kuwa ngano. Majani ya juu, hasa lile la mwisho kabisa chini ya suke, ndiyo yanayolisha punje kwa sehemu kubwa. Anayelidharau jani kwa kuwa halina punje analidharau jiko linalopika chakula chenyewe.

Mungu alifanya vivyo hivyo kwa nchi nzima. Katika Kutoka 23:29–30 anawaambia Israeli kwamba hatawafukuza wenyeji wa nchi katika mwaka mmoja, isije nchi ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakaongezeka. Atafanya kidogo kidogo, hata wao wenyewe waongezeke. Sababu iliyotolewa ni ya watu na ardhi: nchi ikipata nafasi tupu kuliko mikono ya kuitunza, kitu kingine huijaza. Jambo la jamii hiyo limeonekana peupe katika kisiwa cha Surtsey, kilichoibuka baharini kusini mwa Iceland Novemba 1963 kwa mlipuko wa volkano na kikazuiwa watu wasiingie ovyo, ili ionekane uhai unaingiaje wenyewe. Mmea wa kwanza wa maua uliota ufukweni mwaka 1965, volkano ikiwa bado hai, na majivu yakaufukia. Kwa miaka ipatayo 20 mimea ilibaki michache, si kwa kukosa mbegu, maana bahari, upepo na ndege walizileta. Mchanga ule haukuwa na naitrojeni ya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980 ndege aina ya shakwe wakajenga viota hapo kwa wingi, kinyesi chao kikalisha ardhi, ndipo nyasi zikatanda. Ndege walitangulia, nyasi zikafuata.

Tuje kwenye elimu ya nyota, maana hapo kuna somo ambalo waamini wengi hatujalipokea.

Johannes Kepler alisomea theolojia Tübingen kabla hajawa mwanahisabati. Mwaka 1600 alikwenda kufanya kazi na Tycho Brahe karibu na Praha, akapewa sayari ya Mirihi, yaani Mars, aieleze njia yake. Tycho alikuwa amepima mahali pa sayari kwa miaka mingi, kwa macho matupu, kwa usahihi wa dakika moja au mbili za pembe. (Nyuzi moja ina dakika 60, mwezi mpevu unaonekana kwa upana wa dakika kama 30.) Kepler aliunda njia ya duara, kama ilivyoaminiwa tangu kale, na kwa upande mmoja ikalingana na vipimo vizuri sana. Alipoijaribu kwa upande mwingine, ikapishana navyo kwa dakika 8, kama robo ya upana wa mwezi.

Ptolemaio, mtaalamu wa nyota wa kale, alikuwa radhi na kosa la dakika 10. Kwa kipimo hicho dakika 8 si kosa. Mtu angefunga daftari na kwenda kulala. Kepler akakataa. Aliandika kwamba wema wa Mungu umewapa watu Tycho, mpimaji makini kupita wengine, basi inafaa kuipokea zawadi hiyo kwa shukrani na kuitumia, na kwamba dakika hizo 8 ndizo zilizofungua njia ya kuitengeneza upya elimu yote ya nyota. Duara likaachwa. Mwaka 1609 alichapisha kwamba Mirihi huenda kwa duaradufu, yaani duara lililorefushwa, na Jua halikai katikati bali kwenye mojawapo ya nukta mbili za ndani.

Mwaka 1687 Isaac Newton akaonyesha kwamba kani moja ya mvutano inaeleza njia hizo zote. Hapo napo hapakuwa mwisho. Sayari ya Uranus ilipoonekana kutoka kidogo kwenye njia iliyokokotolewa, Urbain Le Verrier alikokotoa mahali pa sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, na Septemba 1846 ikapatikana Neptune, chini ya nyuzi moja kutoka alipoelekeza. Mwaka 1859 akakuta Zebaki, yaani Mercury, nayo ina upotofu mdogo. Akatumia dawa ileile: pana sayari iliyofichika, wakaiita Vulcan. Wakaitafuta kwa miaka mingi, haikuwapo. Upotofu ule, sekunde 43 za pembe kwa kila miaka 100, ulipata maelezo mwaka 1915, Albert Einstein alipoeleza mvutano kwa namna mpya. Na hata hivyo hesabu za Newton hazikutupwa. Mpaka leo ndizo zinazotumika kwa sehemu kubwa kuelekeza vyombo angani. Uligunduliwa mpaka wake tu.

Tofauti ya ukuaji na mageuzi matupu iko hapo. Ukuaji hubeba kilichotangulia na kusema kinafaa wapi na kinaishia wapi. Anayesema "ya jana yote yalikuwa uongo" hajakua, amehama.

Bwana mwenyewe aliwafundisha wanafunzi kwa zamu: "Hata bado ninayo mengi ya kuwaambia, lakini hamwezi kuyastahimili hivi sasa" (Yohana 16:12). Hakuwalaumu kwa kutoweza. Aliwapa waliyoweza kubeba, akawaahidi Roho wa kuwaongoza. Basi mwamini mchanga asibebeshwe mizigo ya aliyekomaa. Hiyo ni mbegu ya sentimita 12. Umfundishe kusali, kusoma Injili moja kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kurukia Ufunuo, kusamehe, kulipa deni. Kipindi hicho anachoonekana nyasi tu ndicho suke linapohesabiwa. Akikosa malezi wakati huo, mikutano mikubwa ya baadaye haitafidia yote.

Kwa aliyedumu katika imani, hatari ni nyingine: kufunika dakika 8. Kuna mstari usiokaa sawa na tulivyozoea kufundisha, kuna mtu ambaye taratibu zetu zinamwacha nje, nasi tunasema tofauti ni ndogo. Iandikeni kwenye daftari, pamoja na mahali pa andiko na tarehe, mkaiombee kwa jina lake. Msiikimbilie na Vulcan pia. Rafiki za Ayubu waliona mateso yasiyolingana na hesabu yao, wakabuni dhambi iliyofichika ili hesabu ikae sawa. Mungu aliwakemea (Ayubu 42:7). Ni bora swali libaki wazi kwa miaka kuliko kumsingizia mtu dhambi ili tupate usingizi.

Sheria nayo hukua kwa mlango huohuo, mlango wa mtu ambaye kanuni haikumwona. Mwaka 1932 Baraza la Malordi nchini Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, liliamua kesi ya mwanamke aliyedai kuugua baada ya kunywa kinywaji cha chupa ambayo, kwa madai yake, ilikuwa na konokono. Aliyelipa ni rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na yeyote, na sheria ya wakati ule haikumpa njia ya kumdai mtengenezaji. Lord Atkin alichukua swali la mwanasheria wa Luka 10:29, jirani yangu ni nani, akajibu kwa lugha ya mahakama: ni yule ambaye tendo langu laweza kumgusa kwa karibu, kiasi kwamba yanipasa kumfikiria ninapotenda. Majaji 3 walikubali, 2 walikataa. Wajibu wa mtengenezaji kwa mnywaji asiyemjua ulisimama juu ya kura moja.

Hata hivyo hatua zilizo safi kuliko zote ziko katika kitabu cha Hesabu. Mara nne katika Torati jambo linafika ambalo amri iliyopo hailijibu, na linapelekwa mbele za BWANA: aliyelitukana Jina (Walawi 24), waliokuwa najisi siku ya Pasaka (Hesabu 9), aliyeokota kuni siku ya Sabato (Hesabu 15), na binti za Selofehadi (Hesabu 27). Musa, ambaye amri zilishuka kwa mkono wake, hakuona aibu kungoja jibu. Wale wa Pasaka walipata siku ya pili, tarehe 14 ya mwezi wa pili, na siku hiyo ikawa kanuni kwa wote.

Sura ya 27 isomeni polepole, mkiwa na kalamu. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Hawalalamiki ovyo, wanatoa hoja. Baba alikufa jangwani, hakuwa katika mkutano wa Kora, hakuacha mwana. Kwa nini jina lake liondolewe? Musa analipeleka neno lao mbele za BWANA. BWANA anasema wamenena haki. Tazameni jibu linavyopanuka: linaanza na wale watano, kisha mstari wa 8 hadi 11 linakuwa sheria ya kila mtu, kwa ngazi. Pasipo mwana, binti. Pasipo binti, ndugu zake. Pasipo hao, ndugu za baba yake. Pasipo hao, jamaa wa karibu.

Katika sura ya 36 wakuu wa ukoo wanaleta tatizo lililozaliwa na suluhisho lenyewe: binti hao wakiolewa katika kabila lingine, ardhi itahama nao, na yubile, mwaka wa hamsini wa kurudishiana ardhi, itafunga mlango. Hoja hiyo nayo inaambiwa ni ya haki. Haki ya binti haikufutwa. Ilitiwa mpaka, waolewe na wampendao, ila ndani ya kabila la baba yao. Wakaolewa hivyo.

Bado walikuwa na neno tu, bila shamba. Miaka ikapita, Musa akafa, Yordani ikavukwa. Siku ya Ijumaa fungueni Yoshua 17:1–6. Wanakuja tena, watano walewale, kwa Eleazari na Yoshua, wanakumbusha agizo. Hesabuni wenyewe mafungu: mstari wa 2 unataja jamaa sita za Manase. Ondoeni ile ya Heferi, babu yao, zibaki tano. Ongezeni binti watano. Mstari wa 5 unasema Manase alipata mafungu kumi, mbali na Gileadi na Bashani ng'ambo ya Yordani.